Vidonge vitano chini ya gunia

Jumamosi moja asubuhi, mwezi wa tatu, nilikuwa nafagia uwanja. Jua lilikuwa bado halijavuka milima ya Uluguru na udongo ulikuwa na unyevu wa mvua ya usiku. Nikalivuta gunia analolalia mbwa wangu Bosko ili nilikung'ute, na chini yake nikaona vidonge vitano vya doksi (doxycycline), antibiotiki aliyoandikiwa.

Niliinama nikavihesabu mara mbili. Viwili vilikuwa vimevimba na kushikana na nyuzi za gunia. Kimoja kilikuwa kimepasuka, unga wake wa njano umeingia kwenye udongo kama bizari iliyomwagika. Viwili vilikuwa vizima, ila vimelainika kwa mate.

Bosko alikuwa amesimama pembeni ananitazama, mkia umetulia.

Vidonge hivyo nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe, kimoja asubuhi na kimoja jioni, nimevificha ndani ya nyama. Nilimwona akiipokea nyama, akienda nayo bandani kwake, na nyama haikubaki. Kila mara nilirudi ndani nikaweka alama ya vema kwenye kalenda ya ukutani. Kalenda ilikuwa imejaa vema, na dawa ilikuwa imejaa chini ya gunia.

Nimekaa na jambo hili wiki nyingi sasa. Mwanzoni nilidhani ni habari ya mbwa asiyetaka vidonge tu.

Fizi nyeupe

Wenye mbwa mnaijua habari ya kupe, kwa hiyo nitapita haraka. Bosko ni mbwa wa kienyeji, ana kilo 20, miaka minne. Hakula siku mbili. Siku ya tatu tone la damu likatoka kwenye tundu moja la pua, na nilipomwinua mdomo niliona fizi nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa.

Daktari wa mifugo alimlaza ubavu, akanionyesha vidoa vyekundu kwenye tumbo, kisha akachukua damu. Chembe zinazogandisha damu zilikuwa zimepungua mno. Akasema ni erlikia, bakteria anayeletwa na yule kupe wa kahawia tunayemwona kila siku masikioni mwa mbwa, na bakteria huyo akishaingia anajificha ndani ya chembe nyeupe za damu. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza kwa mbwa wa Algeria mwaka 1935, na wakati wa vita vya Vietnam uliwaua mbwa wengi wa jeshi la Marekani. Mimi nilikuwa naita "homa ya kupe" na kuuchukulia kama mafua.

Dawa ilikuwa doksi. Miligramu 10 kwa kila kilo ya mbwa, kila siku, kwa siku 28. Kwa Bosko hiyo ni vidonge viwili vya miligramu 100 kwa siku. Vidonge 56 kwa jumla.

"Dada, siku ya tatu au ya nne utamwona anaamka, anakula, anabweka," daktari aliniambia. "Hapo ndipo wengi wanaacha dawa. Wewe usiache."

Siku nne za kwanza hazikuwa na tabu yoyote. Sasa najua ni kwa sababu hakuwa na nguvu za kukataa. Nilimfungua mdomo, nikaweka kidonge, nikamteremshia na maziwa, naye akameza huku macho yamefumba.

Nilipomwambia daktari habari ya maziwa alinisimamisha hapo hapo. Kalsiamu iliyo kwenye maziwa huishika doksi tumboni, na sehemu ya dawa haifiki kwenye damu. Mtindi pia. Hata unga wa dagaa, kwa sababu ya mifupa ya dagaa, akasema tuuweke mbali na saa za dawa. Nitumie maji, au supu ya nyama isiyo na kitunguu, kwa sababu kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na Bosko hakuwa na chembe za kupoteza. Na maji yasikosekane kamwe, kwani kidonge cha doksi kikikwama kwenye umio kinauchoma.

Miaka minne nilikuwa namwagia mabaki ya mchuzi wetu juu ya ugali wake. Mchuzi wenye vitunguu, kama wa kila nyumba. Sikuwa najua.

Siku ya tano Bosko alisimama, akabweka pikipiki ikipita, na akakataa kufungua mdomo.

Hapo ndipo nilipoanza kuficha dawa kwenye nyama.

Kwa nguvu

Nilimpigia daktari ile Jumamosi, ufagio bado uko mkononi. Hakunigombeza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema tuhesabu upya kuanzia leo, siku ya kwanza, na nisikifungue kidonge nikakimimina kwenye chakula, kwa sababu unga wake ni mchungu na unachoma mdomo. Kimezwe kizima.

Basi tukaingia njia ya nguvu, mimi na kaka yangu.

Yeye anamshika mabega katikati ya magoti. Mimi naweka kiganja juu ya pua yake, kidole gumba upande mmoja na vidole upande mwingine, nyuma ya chonge, nainua kichwa. Mdomo wa chini unaanza kulegea wenyewe, naushusha kwa kidole kwenye meno madogo ya mbele. Kidonge kinakwenda nyuma kabisa, kupita kile kilima cha ulimi. Nafunga mdomo, nasugua koo, nasubiri ulimi utoke ulambe pua. Ulimi ukitoka, kimemezwa. Kisha maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni ya shavu, taratibu.

Nilikuwa hodari. Jioni ya kwanza haikuzidi dakika moja.

Jioni ya pili, niliposhika tu ile karatasi ya bati ya dawa ikalia, Bosko aliondoka barazani. Tulimkuta nyuma ya tangi la maji.

Siku ya tatu alijikojolea kabla hatujamgusa. Akiwa anahangaika jino lake likanichuna kwenye kidole gumba, damu ikatoka. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa ilikuwa hai, lakini nilinawa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimesimama pale bombani, kaka yangu ananiambia, "Mbwa ni mbwa, dada. Kesho atasahau," na nikawa najiuliza kama nataka asahau au nataka nini.

Usiku ule nilimwekea ugali. Alisubiri mpaka nimeingia ndani ndipo akala. Miaka minne alikuwa akila huku mgongo wake umegusa mguu wangu.

Ndizi

Mama hupiga simu Jumatatu usiku. Nilimweleza yote, nikitegemea aniambie nimejisumbua bure kwa ajili ya mbwa. Akaniuliza, "Unakumbuka klorokwini?"

Nani wa rika langu asiyeikumbuka. Ilikuwa dawa ya malaria ya kila nyumba mpaka serikali ilipoibadilisha mwaka 2001. Uchungu wake ulikuwa unabaki nyuma ya ulimi siku nzima, na baadaye mwili mzima unawasha kama umelala kwenye upupu. Mama alikuwa anaviponda vidonge kwenye kijiko, anatia maji, ananikalisha mapajani na kusema, "Ni chungu, mwanangu. Chungu sana. Ukimaliza kuna chai." Nililia kila mara. Nilikunywa kila mara.

Shangazi yangu alikuwa na huruma zaidi. Likizo moja niliugua nikiwa kwake, akaona asinilize. Akachukua ndizi mbivu, akaichoma kwa kidole, akatumbukiza vidonge ndani, akanipa huku anatabasamu.

"Mpaka leo huli ndizi bila kuikata kwanza," Mama akasema.

Ni kweli.

Nina miaka 37. Ndizi mbivu naimenya, naikata katikati, naitazama ndani, ndipo naitia mdomoni. Nimefanya hivyo ofisini, nimefanya hivyo kwenye harusi za watu. Watu wananiuliza natafuta nini na mimi husema ni mazoea. Shangazi nilimpenda mpaka alipofariki, na hakuna siku nilimwekea kinyongo. Mkono tu ndio uliojifunza, na mkono haukusahau.

Nilikata simu nikabaki nimekaa. Nilikuwa namwona Bosko akiipokea nyama, akigeuka, akienda nayo bandani. Akiipasua. Akiitazama ndani.

Na nikakumbuka nani alimfundisha.

Pilipili

Bosko alipokuwa na miezi saba wezi waliingia mtaani kwetu. Jirani wa ukuta wa pili alikuwa na mbwa wawili wakubwa, wakali kweli. Asubuhi aliwakuta wamelala karibu na geti, povu mdomoni, na kipande cha nyama kimebaki kwenye majani. Nyumba ilikuwa imefagiliwa mpaka jiko la gesi. Mbwa wengi wa ulinzi huku kwetu hufa hivyo hivyo, kwa nyama iliyorushwa juu ya ukuta usiku.

Mimi na kaka yangu tukaamua Bosko asife hivyo.

Kwa wiki tatu, kila jioni, mmoja wetu alikuwa anatoka nje ya geti na kurusha kipande cha nyama ndani. Katikati tulikuwa tumetia pilipili kichaa iliyopondwa. Siku za kwanza alimeza kipande chote, kisha akalia, akasugua mdomo kwenye mchanga, akakimbilia maji. Nilikuwa nafunga mlango nisisikie. Tukabadilisha, mara nyama inarushwa, mara anapewa mkononi na kijana asiyemjua, mara na sisi wenyewe, ili asizoee. Wiki ya tatu alikuwa haimezi tena nyama yoyote kabla ya kuishika kwa miguu, kuipasua kwa meno na kunusa ndani. Wataalamu wanasema pua ya mbwa ina seli za kunusa zaidi ya milioni 100, sisi tuna milioni tano au sita. Hakuna pilipili wala kidonge kitakachopita hapo.

Tulimpigia makofi. Nilimkumbatia. Nilimwambia, "Ndivyo hivyo, Bosko. Usiamini nyama."

Na miaka mitatu na kitu baadaye nikamwekea dawa kwenye nyama na kumwita mkaidi.

Kile nilichokiita ukaidi kilikuwa utii. Alikuwa akifanya kazi niliyompa, kwa uaminifu, akiwa na homa, akiwa na damu isiyoganda. Aliipasua nyama, akakuta kitu kichungu ndani, akakitoa, akakiacha chini ya gunia lake. Angeweza kutema uwanjani nikaviona siku ile ile. Alivitema anapolala.

Hili ndilo lililonikosesha usingizi, zaidi hata ya zile jioni za nguvu. Pilipili ilikuwa sahihi au haikuwa? Mwaka juzi nyama ilirushwa tena mtaani, na Bosko ni mzima. Sijui kama ni pilipili iliyomwokoa. Najua somo lake halikufutika eti kwa sababu mimi nimebadilisha nia. Nilimfundisha kwamba mkono wangu pia unaweza kubeba sumu, na somo hilo halikuwa na tanbihi ya siku za ugonjwa.

Tonge

Kulikuwa na njia iliyobaki, na ilikuwa rahisi. Ugali hatukuwahi kuutilia pilipili.

Asubuhi ya siku ya nne nilisonga ugali laini, nikachovya kwenye supu ya maini, nikafinyanga matonge matatu madogo. La kwanza tupu. La pili lina kidonge. La tatu tupu, na hilo nililishika mbele ya pua yake kabla hajamaliza la pili, ili alimeze haraka alifikie lile lijalo. Kidonge nilikishika kwa mkono wa kushoto na matonge nilifinyanga kwa wa kulia, kwa sababu harufu ya dawa inabaki vidoleni. Kisha bakuli la supu, kidonge kisikae kooni.

Alimeza yote matatu. Nilitafuta chini ya gunia, nyuma ya tangi, kwenye majani. Hakuna kitu.

Wenye mbwa mliokwama, jaribuni hii. Inafanya kazi kwa mbwa wengi. Ila ukitumia siagi ya karanga badala ya ugali, soma kwanza kopo, kwa sababu zipo zinazotiwa utamu uitwao xylitol, na huo unaua mbwa.

Mimi nilitumia matonge siku tano, na kila siku hofu ilikuwa inapanda. Nyama Bosko huila mara moja moja. Ugali ndio chakula chake. Asubuhi moja nikikosea, kidonge kikapasuka mdomoni, ataanza kuupasua na ugali. Na akishaacha kuuamini ugali wangu, atakula nini kwangu? Zilikuwa zimebaki siku 20 za dawa, na vidonge 40, na mimi nilikuwa nacheza kamari na sufuria yake ya kila siku.

Nilifikiria sana ile sauti ya Mama. Ni chungu, mwanangu.

Kiganja

Kwa hiyo katika siku zile tano za matonge, mchana, mbali kabisa na saa za dawa, tulikuwa tunafanya kitu kingine. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi ya baraza na kuweka kiganja wazi juu ya goti. Mkono wa pili una vipande vya firigisi vilivyochemshwa, vidogo kama punje ya hindi. Akigusa kiganja kwa kidevu, anapata kipande. Akiondoka, anaondoka. Geti la nyuma liko wazi, tangi la maji liko pale pale, hakuna anayemfuata.

Siku ya kwanza aligusa mara mbili akaenda zake. Siku ya pili aliweka kidevu na kukiacha. Nilihisi uzito wa kichwa chake ukishuka kidogo kidogo, kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokijua. Nilitaka kulia, nikampa firigisi.

Siku ya tatu kidole gumba kikagusa mdomo wa juu, basi, firigisi. Siku ya nne mdomo ukafunguka kwa muda wa kuhesabu moja. Siku ya tano nikamwekea kipande cha firigisi nyuma ya ulimi kwa vidole, kama vile ningeweka kidonge, naye akameza akaniangalia.

Jioni ya siku ya tisa nilichukua ile karatasi ya bati na kuibonyeza mbele yake. Ililia. Masikio yakalala nyuma. Nikakitoa kidonge nikakiweka wazi kwenye kiganja, na nikamwachia anuse. Alinusa muda mrefu. Kisha akageuza uso, akashuka ngazi.

Nilibaki nimekaa. Tonge nilikuwa nalo jikoni, nilijua hatakosa dawa usiku ule. Kaka yangu alikuja mlangoni, akanitazama, akarudi ndani bila neno, na ninamshukuru kwa hilo. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Mbu walikuwa wameanza.

Alirudi. Alisimama hatua mbili kutoka kwangu, akalamba pua, akasogea, akaweka kidevu.

"Ni chungu," nilimwambia. "Halafu kuna firigisi."

Sijui mbwa anaelewa nini. Huenda alikuja kwa ajili ya firigisi tu. Lakini mimi nilijua nimemwambia nini, na mikono yangu ilikuwa imetulia kwa mara ya kwanza tangu damu ile ya puani. Mdomo, ulimi, nyuma ya kilima, funga. Ulimi ukatoka ukalamba pua. Bomba la maji, shavuni. Firigisi tatu.

Siku ya 28

Hakukuwa na jioni mbili zinazofanana. Kuna aliyokuja mbio, kuna aliyonisubirisha nusu saa, na mbili nililazimika kurudi kwenye tonge. Tulifika siku ya 28. Banda tulilipulizia dawa, nyufa za ukuta tukaziziba kwa saruji, kwa sababu kupe jike hutaga mayai kwa maelfu na huyaficha humo humo. Daktari alichukua damu tena. Chembe zimerudi. Fizi zina rangi ya waridi.

Nyama bado anaipasua. Namwacha.

Wiki iliyopita jirani wa ukuta wa pili alituletea mtoto wa mbwa, jike, wiki tisa, tumbo la mviringo. Jioni kaka yangu alimtazama akicheza na kandambili, akaniuliza kama tuna pilipili ndani au anunue sokoni.

Nilimwambia anunue, lakini akae nazo mpaka mwezi wa tisa. Nikakaa kwenye ngazi, nikafungua kiganja juu ya goti. Kidevu chake hakijazi hata nusu ya kiganja.

Bosko alikuja akakaa upande wa pili, mgongo wake ukagusa mguu wangu.